KIGEZO SI KIOLEZO: Tafsiri ya kompyuta inapomwacha mwanafunzi njiani

KIJITABU chembamba cha mafunzo ya kompyuta, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, kimekuwa kikipita mkono kwa mkono miongoni mwa vijana wa Karagita, mtaa ulio kando ya barabara ya Moi South Lake mjini Naivasha. Nimekisoma mara tatu. Waliokitoa sitawataja, maana kosa lao si lao peke yao. Ni maradhi ya tafsiri nyingi za sayansi na teknolojia zinazotufikia. Nitakihakiki kama kitabu kingine chochote: kinasema nini, kinakisema vipi, na anayekisoma anabaki na nini mkononi.

Nianze kwa kuwapongeza. Wengi wetu tumezoea kuimba kwamba Kiswahili kinaweza kubeba maarifa yote ya dunia, kisha tukienda ofisini tunafungua kompyuta kwa Kiingereza. Hawa wamethubutu. Wametwaa somo ambalo hata kwa Kiingereza huwatoa watu jasho, wakalileta kwa lugha inayozungumzwa Karagita, mtaa ambao wakazi wake wametoka pembe nyingi za nchi kutafuta kazi katika mashamba ya maua na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Anayeteta na tafsiri kama hii hapaswi kusahau kwamba mbadala wake mara nyingi ni kutokuwa na tafsiri kabisa.

Sura ninayotaka kuizungumzia ni ile inayofundisha jinsi ya kutengeneza mashine moja ya mfano na kuzalisha nyingine nyingi kutoka kwayo. Kwa msomaji asiye wa fani hiyo, hebu nieleze kwa ufupi. Kompyuta moja kubwa yenye nguvu inaweza kugawanywa kwa programu maalumu hadi ikafanya kazi kana kwamba ni kompyuta kumi au ishirini, kila moja ikiwa na mfumo wake endeshi, kumbukumbu yake na jina lake. Mbinu hii si ngeni. Kampuni ya IBM ilikuwa ikiitumia kwenye mashine zake kubwa tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa mfumo wa VM/370. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliileta mbinu hiyo kwenye kompyuta za kawaida. Leo benki, chuo au hospitali yenye huduma mtandaoni ina uwezekano mkubwa wa kuendeshwa na mashine za namna hii.

Sasa, ukitaka mashine ishirini zinazofanana, hakuna haja ya kusakinisha mfumo mara ishirini. Unaandaa moja. Unaiwekea mfumo endeshi, masasisho na programu zinazohitajika. Kisha unaisafisha: unafuta kila kinachoifanya iwe yenyewe na si nyingine, yaani jina lake, nambari yake ya utambulisho, funguo zake za siri na kumbukumbu za shughuli zake. Unaizima, unaigeuza kuwa mfano, na kutoka hapo unatoa nakala. Kila nakala ikiamka mara ya kwanza inajipatia jina na funguo zake. Kazi ya siku mbili inakuwa ya dakika chache.

Hayo ndiyo maudhui. Kijitabu kimeyapata sawasawa kwenye michoro yake. Tatizo ni maneno, na maneno manne hasa: pepe, kigezo, picha na kujumlisha.

Tuanze na pepe. Kijitabu kinaita mashine hizo "mashine pepe". Neno hili limeenea, na sina nguvu za kulizuia, lakini tulitazame. Tulipolikubali katika barua pepe, tulilipa maana ya kitu kinachosafiri kwa njia ya kielektroniki. Kwa mantiki hiyo, mashine pepe ingekuwa mashine ya kielektroniki. Je, kuna kompyuta isiyo ya kielektroniki? Sifa isiyotofautisha kitu na kingine haijafanya kazi yake. Kumbe kinachokusudiwa ni mashine isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya mwili wa nyingine. Zaidi ya hayo, katika Kiswahili cha wakulima pepe ni punje isiyo na kiini ndani, ile inayopeperuka nafaka inapopetwa. Na mtu wa mapepe tunamjua hatulii mahali pamoja. Mwanafunzi mwenye masikio ya lugha anaweza kudhani anafundishwa mashine bandia, isiyofanya kazi ya kweli. Wengine wamependekeza "mashine dhahania". Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu kitu cha dhahania kiko kichwani tu, ilhali mashine hizi zinalipa mishahara ya watu kila mwisho wa mwezi.

Neno la pili ndilo lililonifanya niandike. Kile ambacho Waingereza hukiita "template", kijitabu kinakiita "kigezo" katika ukurasa mmoja, "kiolezo" katika mwingine, na mahali pengine "mfano". Mwanafunzi atajuaje kwamba vitatu hivi ni kitu kimoja? Katika fasihi tunasifu mwandishi anayebadilisha maneno asichoshe. Katika maelezo ya kiufundi, neno jipya ni kitu kipya. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya istilahi: dhana moja, neno moja.

Si kijitabu hiki pekee kilichoyumba. Katika Wikipedia ya Kiswahili, kurasa za aina hiyo zinaitwa "Kigezo". Katika programu nyingine za ofisini zilizotafsiriwa, utakutana na "kiolezo". Kila mtu ana lake, na mtumiaji ndiye anayeachwa apatanishe.

Je, yapo ya kuchagua? Yapo. Kigezo linatokana na kitenzi geza, yaani kupima kitu kwa kingine, kukilinganisha. Fundi alikata kijiti kwa urefu fulani, akapimia mbao nyingine zote. Kile kijiti ndicho kigezo. Ndiyo maana leo tunasema vigezo vya kuajiri mwalimu, vigezo vya kutuza insha. Ni kipimo: kitu kinasimamishwa mbele yake kikaonekana kimefika au hakijafika. Kiolezo linatokana na oleza, yaani kufanya kitu kwa kufuata sura ya kingine. Mshonaji anaweka karatasi juu ya kitambaa, anafuatisha ukingo wake, anakata. Hapimi tu, anazalisha. Lipo pia kalibu, chombo ambacho mfua vyuma au mfua fedha humiminia madini yaliyoyeyushwa yakatoka na umbo lake.

Mashine ya mfano haipo ili nyingine zipimwe kwayo. Ipo ili nyingine zitoke kwayo. Basi jina lake ni kiolezo. Kigezo tukiache kwenye kazi yake, hasa kwa kuwa watu wa kompyuta wanakihitaji kwelikweli: wakitaka kupima kasi ya mashine au usalama wake, watahitaji vigezo. Tukilitumia neno moja kwa yote mawili, siku moja mtu ataambiwa "angalia kama mashine inalingana na kigezo" asijue kama anatakiwa kuipima au kuinakili. Na kiolezo kina faida nyingine ya kisarufi: kitenzi chake kipo hai kamusini na kinanyumbulika. Oleza mashine hii, mashine zilizoolezwa, mwolezo wa mashine. Kinaingia ngeli ya KI-VI bila kusukumwa.

Neno la tatu ni picha. Faili inayobeba diski nzima ya mashine, kila kitu kilichomo, kijitabu kinaiita "picha ya diski". Ni tafsiri ya neno kwa neno. Vijana niliozungumza nao walikuwa wakitafuta faili inayofunguka kama picha za simu. Wangeambiwa "nakala ya diski nzima" wasingepoteza muda.

La nne ndilo lenye madhara. Ile hatua ya kusafisha, ya kufuta utambulisho kabla ya kugeuza mashine kuwa kiolezo, kijitabu kinaieleza kwa sentensi moja: "Jumlisha mashine kabla ya kuifanya kigezo." Jumlisha! Mtafsiri aliona kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuondoa upekee wa kitu ili kifae kwa wote, akafungua kamusi, akakuta kujumlisha, akaandika, akaenda zake. Ni kweli kwamba wanazuoni husema kujumlisha wakimaanisha kutoa kauli ya jumla. Lakini mtoto yeyote wa darasa la kwanza anajua kujumlisha ni nini: mbili jumlisha tatu ni tano. Kujumlisha ni kuongeza. Hatua yenyewe ni ya kupunguza.

Nilipata kuuliza. Jumapili moja nilikuwa Karagita, katika chumba kimoja cha kukodi ambacho vijana watano wamekigeuza darasa, wakiwa na kompyuta mbili zilizokwishatumika. Watatu kati yao hufanya kazi kwenye mashamba ya maua siku za wiki. Niliwaomba wanieleze sentensi ile.

"Mwalimu, hapo si ni kuziweka pamoja?" mmoja aliniuliza. "Unachukua zote unazifanya moja."

"Mimi niliiruka tu," mwenzake akasema. "Nikasema kama ni hesabu, kompyuta itajifanyia yenyewe."

Waliiruka. Wakatoa nakala nne kutoka kwa mashine ambayo haikusafishwa, wakaziwasha zote. Mashine mbili zikawa zinang'ang'ania anwani moja ya mtandao, hii ikiingia ile inatolewa. Walihangaika wiki nzima wakiilaumu waya, wakailaumu stima, wakalaumu umri wa kompyuta zenyewe. Kisa na maana ni kwamba nakala zote zilikuwa na nambari moja ya utambulisho, kama watu wanne waliopewa kitambulisho kimoja. Na hilo la anwani ni afadhali, kwa sababu linaonekana. Baya zaidi halionekani: nakala zikibaki na funguo zile zile za siri, anayepata ufunguo wa moja anaweza kujifanya yoyote kati yake. Katika darasa la Karagita hilo ni somo. Katika benki ni wizi.

Hapa ndipo uhakiki wa tafsiri unapoacha kuwa mchezo wa wasomi wa lugha. Neno moja lililokosewa limekula wiki ya vijana ambao wana siku moja tu ya mapumziko.

Niliwauliza basi wao wangeielezaje mashine hiyo inayoishi ndani ya nyingine. Yule aliyeiruka hesabu ndiye aliyejibu.

"Si ni kama ploti, mwalimu? Ploti ni moja, tangi la maji ni moja, lakini kila mtu ana mlango na kufuli yake. Jirani akipika omena nitasikia harufu, lakini siwezi kuingia kwake."

"Na ile programu inayogawa?"

"Hiyo ni keateka. Ndiye anajua nani ako wapi, na nani amemaliza maji."

Nimesoma maelezo mengi ya dhana hii, na machache yanalishinda hilo. Karagita ni mtaa wa nyumba za kupangisha. Safu za vyumba, uwanja mmoja, choo cha pamoja. Kijana huyu hakuhitaji neno pepe. Alikuwa anaishi ndani ya maana yake. Wala fikira yake si ya mtaani tu: wataalamu wa Kiingereza nao huwaita wateja wanaogawana kompyuta moja kubwa wapangaji.

Kuhusu kiolezo, msichana mmoja anayefanya kazi kwenye kitalu cha waridi alitupeleka shambani. Waridi la biashara halioteshwi kwa mbegu, kwa sababu mbegu haizai ua lililo sawa kabisa na mamaye. Huchukuliwa kipande cha mmea uliochaguliwa kikaoteshwa, au kikaunganishwa na shina la waridi la aina nyingine lenye mizizi imara. "Hii ni mama," alisema, "na hizi zote ni watoto wake. Mama akiwa mgonjwa, watoto wote ni wagonjwa." Hiyo sentensi ya mwisho haimo katika kijitabu, na ilipaswa kuwamo. Kiolezo kilichoundwa mwaka jana na kusahaulika bila masasisho ni mama mgonjwa. Kila mashine inayotoka humo inazaliwa na udhaifu ule ule, na anayejua kuuvunja mlango mmoja ameijua milango yote.

Najua msomaji mmoja atanijibu: Mwandishi, unataka tuandike istilahi kwa lugha ya ploti na keateka? Msomaji wa Lubumbashi ataelewa? Wa Unguja je? Hoja hiyo ni nzito. Istilahi ni mali ya wote, na lugha ambayo kila mtaa unajitungia neno lake haiwezi kuandika mtihani mmoja wala mkataba mmoja. Tumeona gharama yake: kompyuta, tarakilishi na ngamizi zimeishi pamoja miaka mingi, na bado mwanafunzi huulizwa lipi ni sahihi badala ya kuulizwa chombo chenyewe kinafanyaje kazi.

Jibu langu ni kwamba tutenganishe jina na maelezo. Jina liwe moja, fupi, linalonyumbulika, na lipitishwe na wenye mamlaka ya lugha pamoja na wenye fani. Maelezo yawe ya mahali. Andika "kiolezo" Karagita, Lamu na Kigoma. Lakini Karagita ukieleze kwa waridi, Lamu kwa kazi ya seremala wa milango, na Kigoma kwa kitu wanachokijua wao. Kijitabu hiki kimefanya kinyume chake. Majina kimeyabadilisha kila ukurasa, na maelezo kimeyaleta yakiwa yameganda, na mifano ya ofisi zenye lifti na mashine ya kahawa.

Na isisemwe kwamba hatuna pa kuanzia. Mnamo Desemba 2004, mradi uliofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo ililazimu watu wa lugha na watu wa kompyuta kukaa meza moja kujadili neno baada ya neno. Hilo ndilo funzo ninalolichukua. Mtafsiri wa kijitabu chetu alikaa na kamusi peke yake. Angempa mwanafunzi mmoja ile sura aifuate hatua kwa hatua mbele yake, "jumlisha" lisingepita asubuhi hiyo.

Kwa nini jambo hili lisisubiri? Kwa sababu ya jirani. Karagita haiko mbali na Olkaria, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme wa jotoardhi tangu mwaka 1981. Mnamo Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa uwekezaji wa dola bilioni 1 ambao kiini chake ni kituo cha data huko Olkaria kitakachotumia umeme huo. Tangazo si jengo, na mipango ya namna hiyo huweza kuchelewa. Lakini kituo cha data cha aina hiyo hujaa mashine zinazoishi ndani ya nyingine, zinazozalishwa kwa maelfu kutoka kwa violezo. Kikija, watoto wa Karagita wataingia kwa mlango gani? Wataingia kufyeka nyasi na kulinda lango, au wataingia kuketi mbele ya skrini? Kiingereza kitahitajika, sikatai. Ila dhana huingia kwanza kwa lugha ambayo mtu anaifikiria, ndipo apewe majina ya kigeni ya kuandikia barua ya kazi. Aliyekariri jina bila dhana hujulikana siku ya kwanza kazini, mtambo unapokataa.

Hukumu yangu juu ya kijitabu basi ni hii. Kina nia njema, michoro mizuri na mpangilio unaofuatika. Hakistahili kutupwa, kinastahili toleo la pili. Toleo hilo litumie kiolezo peke yake na kuacha kigezo kwa ajili ya vipimo. Liseme nakala ya diski mahali pa picha. Mashine pepe wakiibakiza, kwa kuwa imekwisha kuzoeleka, waifafanue mara ya kwanza kwa sentensi kamili: mashine isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Na ile sentensi ya kujumlisha waifute, waandike kwa maneno ambayo hakuna atakayeyaruka: "Kabla ya kuigeuza mashine kuwa kiolezo, ifute utambulisho wake: jina, nambari na funguo." Maneno kumi na matatu. Yangewaokolea vijana wale wiki nzima.